Nilijua Dume Langu ni Mgonjwa, Nikaacha Maduhu Apigwe

Ndugu yangu unayesoma, nimekosa. Sikukosa kwa kutojua, maana ujinga ungekuwa nusu ya msamaha. Nilikosa huku najua, huku nimesoma, huku nina maneno ya kutosha kichwani ya kulieleza kosa langu kabla sijalitenda. Mtu asiye na hatia alivunjwa mifupa mbele ya macho yangu, na mimi peke yangu, katika umati wote ule, ndiye niliyekuwa na neno la kumwokoa. Sikulisema!

Jina langu nitalificha kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye bado yu hai na bado anajivunia picha yangu ya mahafali iliyotundikwa sebuleni kwake. Mengine yote nitakuambia yalivyo.

Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka arobaini na tano. Nina shahada ya chuo kikuu, na nilifundisha historia sekondari kwa muda mrefu kabla ya kuchoka na kuacha. Nilijenga Buhongwa, upande ule ambako mji haujamaliza kuyala mashamba, nikaanza kufuga nguruwe. Walinicheka, jamani! "Shahada yote ile, kumbe ni ya kumwaga pumba kwenye mabanda!" Nilivumilia kicheko hicho, ila sikukisahau, na ninaamini kosa langu lilianzia hapo.

Kicheko kiliisha siku niliyoleta dume. Alikuwa mweupe, mrefu, masikio yamelala mbele kama kofia, tofauti kabisa na vinguruwe vyeusi vya mtaa wetu. Majike yaliyopandwa naye yalizaa watoto wakubwa, wengi, wenye afya. Malipo yangu yalikuwa ya desturi: jike likizaa, kitoto kimoja changu. Baada ya muda, karibu kila boma la jirani lilikuwa na uzao wa dume langu, na mimi niliyechekwa nikawa mtu wa kuamkiwa kwanza.

Aliyempa jina ni Mama Sayi, jirani yangu, anayekaanga sato stendi ya Nyegezi. Ni mwanamke wa sauti. Akinong'ona, ng'ambo ya barabara wanaitikia. Yeye ndiye aliyemwita Mkwe.

"Hodi humu! Bibi harusi kafika," angetangaza, akisukuma jike lake kwa fimbo. "Mkwe yuko wapi? Kaoga?"

"Anakusubiri, mama mkwe."

"Basi mimi simtazami. Mwiko! Nisije nikapofuka nikashindwa kuona samaki wangu."

Hapo angegeuka, akajifunika kanga kichwani, akaupa mgongo uzio mpaka kazi iishe. Kwetu Usukumani, mama mkwe na mkwe wa kiume wana heshima yao. Hawapishani njiani bila mmoja kukwepa, na kumtazama akiwa hana staha ni aibu isiyosemeka. Mama Sayi aliichukua heshima hiyo akaivika nguruwe, na mtaa mzima ukaangua kicheko. Wengine wakaiga. Hata wanaume wenye ndevu wakileta jike waligeuka, wakasimama wakitazama barabara, wakisubiri niseme, "Tayari, wakwe." Ulikuwa utani tu. Lakini utani ukikaa sana huota mizizi ukawa desturi, na desturi ikishakuwapo hakuna anayeuliza ina madhara gani.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika mtaa mzima, hakuna aliyekuwa na mazoea ya kulitazama dume langu kwa nyuma.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, rafiki yangu anayekaa kando ya ziwa aliniomba Mkwe akapande majike yake. Nilimpakia kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, nikampeleka, akakaa huko siku chache. Nilipomfuata niliona mabanda ya majirani ni matupu, na barabarani kitimoto kinakaangwa kila kona kwa bei ya kutupa.

"Kuna sherehe?" nilimuuliza mchoma nyama mmoja.

"Sherehe gani, Madam! Nguruwe wa huku siku hizi wanaharakishwa. Ukichelewa kuchinja, unazika."

Nikacheka. Naapa, nilicheka! Nikampandisha Mkwe kwenye gari nikaondoka naye.

Hazikupita siku nyingi, akakataa chakula. Alilala kwenye tope akihema, masikio yakabadilika rangi, tumbo likatoka mabaka mekundu. Nilipozunguka nyuma nikaona kilichonifanya nishike ukuta. Korodani zake zilikuwa zimevimba, moja imekuwa kubwa kama papai changa, ngozi imekaza na kuiva rangi ya zambarau. Nilimgusa kwa ncha ya kidole tu. Alipiga ukelele wa mtu, si wa mnyama, akajigonga ukutani mpaka bati likalia.

Nilimpigia simu bwana mifugo wetu, aliyekuwa safarini. Alinisikiliza, kisha akasema, "Madam, mtenge huyo. Asipande jike lolote mpaka nije nichukue damu. Inaweza kuwa homa ya nguruwe. Wengi hufa, lakini dume akipona, kirusi huweza kubaki mwilini mwake na kutoka na mbegu zake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Na nilielewa. Jioni ile nilisoma zaidi kwenye simu yangu, na yote niliyoyasoma yalikubaliana naye. Ugonjwa hauna dawa wala chanjo tunayoweza kuipata huku. Binadamu haumpati, lakini kwa nguruwe ni moto kwenye nyasi kavu.

Mkwe hakufa. Akaanza kunusa chakula, akasimama, akala. Uvimbe ukapungua, ingawa haukuisha, na ile rangi ikabaki. Bwana mifugo akachelewa kurudi, nami nikaanza kujijengea hoja, kwa ustadi wa mtu aliyefundishwa kujenga hoja. Nilijiambia kwamba huenda alipigwa kwato na jike. Nilijiambia kwamba kama ingekuwa homa yenyewe, angekufa. Nilijiambia kwamba mtu mwadilifu hatangazi hofu asiyokuwa na ushahidi nayo.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hoja hizo. Niliogopa kurudi kuwa yule msomi wa kuchekwa.

Asubuhi moja Mama Sayi akaleta jike lake. "Bibi harusi kafika! Kajipaka mafuta leo!"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe lina silabi tatu! Badala yake nikafungua lango la uzio. Mama Sayi akageuka, akajifunika kanga, akanipa mgongo wake pamoja na imani yake yote.

Mkwe alipokuwa juu ya jike, akaingia Maduhu.

Maduhu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, muuza pumba za mahindi. Anachukua magunia mashineni na kuyasambaza boma kwa boma kwa guta lake la magurudumu matatu. Ni mtu wa maneno machache na jasho jingi. Alishusha gunia langu, akainua macho, akaganda.

"Madam, Mkwe mbona kavimba huku nyuma? Na hii rangi ni rangi gani?"

Aliyeniokoa ni Mama Sayi, bila hata kugeuka.

"We Maduhu! Unamchungulia mkwe wa watu? Huna adabu, umelelewa na nani wewe?"

"Mama, mimi sitanii. Tazama mwenyewe."

"Nitazame! Unataka nilaaniwe? Toka hapo na gunia lako, mpambe wa harusi usiyealikwa!"

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nami nikacheka. "Alipigwa kwato akiwa safarini," nikasema, "anaendelea vizuri." Maduhu hakucheka. Alilitazama dume, akanitazama mimi, akaondoka na guta lake.

Siku zilizofuata niliruhusu na majike mengine. Ukishalifungua lango la kwanza, la pili halina uzito.

Kisha vifo vikaja.

Jike la Mama Sayi ndilo lililotangulia. Nilisikia sauti yake nikiwa jikoni, nikakimbilia kwake. Jike lilikuwa linazunguka banda kama limepofuka, damu inatoka puani, miguu ya nyuma inaburuzwa. Liliangukia lishio, likajinyanyua, likaangukia ukuta. Ngozi yake ilikuwa imegeuka zambarau kuanzia masikioni hadi kwapani. Lilipolala halikuinuka tena. Lilipiga teke hewani kwa muda mrefu mno, likafa limefungua mdomo. Mama Sayi alikaa chini kwenye mkojo na damu, akalipakata kichwa, akanyamaza. Kunyamaza kwa mwanamke yule kulinitisha kuliko damu.

Wakafuata wengine bandani kwake, wakubwa kwa wadogo. Boma la jirani likafuata, kisha jingine. Majike yenye mimba yalitupa watoto ambao hawajaota hata manyoya. Mbwa walikuwa wakipita barabarani na vipande vya nguruwe mdomoni. Harufu ikashuka juu ya mtaa, ukila chakula unaila, ukilala unailalia.

Watu walikusanyika uani kwa Mama Sayi. Nilikuwapo. Aliyekuwa akisema zaidi ni Nkwabi, mmoja wa viongozi wa sungusungu, mwanaume mwenye mikono mikubwa aliyepoteza nguruwe wake wote.

"Hebu tufikiri, ndugu zangu. Wote waliokufa walikula nini?"

"Pumba!"

"Pumba za nani?"

"Za Maduhu!"

Bila shaka zilikuwa za Maduhu. Sote tulinunua kwake. Mtaani petu hakukuwa na muuzaji mwingine. Ni kama kusema wote waliokufa walivuta hewa. Lakini hasira haina subira ya mantiki.

"Na Madam huyu hapa ndiye kasoma," Nkwabi akanigeukia. "Madam, pumba zinaweza kuua hivi?"

Watu wote wakanitazama kwa heshima. Ndiyo, kwa heshima! Hiyo niliyokuwa nimeitafuta.

"Pumba zikiota ukungu huwa na sumu," nikasema taratibu. "Jambo hilo haliwezi kukataliwa."

Sentensi ile ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya kinyama. Ninaifahamu tofauti kati ya kutafuta ukweli na kujificha nyuma ya kitu cha kweli. Siku ile nilijificha.

Kesho yake asubuhi walilikata guta la Maduhu kwa shoka, wakachoma magunia yake barabarani. Mchana akaja kwangu. Alikuwa peku, shati limechanika bega.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kuna nini, Maduhu?"

"Wewe unajua kuna nini. Twende ukawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Nilichokiona. Dume lako lilikuwa gonjwa, na wewe ulijua linaumwa, ukaliachia majike ya watu. Ulisema kwato. Kwato gani inayopaka zambarau mpaka masikioni?"

"Wewe si daktari."

"Si daktari, lakini nina macho! Wenzangu wote walikuwa wamegeuka. Mimi sikugeuka. Madam, nina mke, nina mama, watanichoma moto mimi. Sema neno moja tu."

"Bwana mifugo atakuja, atapima..."

"Atanikuta majivu!"

Alinipita. Alikwenda moja kwa moja bandani, akachukua kamba ukutani, akaingia. "Basi nitampeleka mwenyewe wakamwone," akasema. "Leo watamtazama, wapende wasipende."

Mkwe hakuwa amepona tabia. Maumivu yalikuwa yamemharibu. Alikuwa dume mkali mwenye meno yaliyochomoza kama visu. Maduhu alipomrushia kamba, alimvamia. Alimbana ukutani, akamkata paja kwa jino, mkato mmoja mrefu kutoka kwenye goti kwenda juu. Damu ikaruka kwenye ukuta mweupe. Nami nikapiga yowe.

Hapa lazima nikueleze wewe usiye wa huku. Sisi tuna yowe la kuita msaada, tunaliita mwano. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unachukua fimbo, unatoka. Asiyetoka hutozwa faini na kuhesabiwa adui. Anayelisikia haulizi kwanza, anakimbia kwanza. Sijui kama nilikusudia kumwitia Maduhu msaada au kujiitia mimi. Nimejiuliza mara nyingi. Ninachojua ni kwamba mwano ukishatoka kinywani haurudi.

Walikuja kutoka kila upande, na fimbo, na mapanga, na vipande vya nondo. Nkwabi alikuwa mbele. Mama Sayi alikuwa na mchi wa kutwangia.

"Kuna nini, Madam? Nani?"

Sasa sikiliza jibu langu, ndugu yangu, kwa kuwa ndilo ninaloliungama.

"Maduhu yuko ndani," nikasema, "bandani kwa Mkwe."

Sikusema kaja kutia sumu. Sikusema mwizi. Hakuna hata neno moja la uongo katika sentensi ile, na hakuna uongo niliowahi kuusema ulioumiza kama ile!

Walimburuta nje wakimshika miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti. Pigo la kwanza lilikuwa la nondo, likamvunja mkono alioinua kujikinga. Nilisikia mfupa, sauti kavu kama ya muwa. Kisha sikuweza tena kutofautisha mapigo. Walimpiga kama watu wanaotwanga. Walimkanyaga kwenye paja lililochanika. Mama Sayi aliinua mchi akaushusha upande wa kichwa, huku analia na kutaja majina ya nguruwe wake mmoja mmoja. Nkwabi alimpiga teke la taya, meno yakatoka na damu kama punje kwenye gunzi.

Na Maduhu alikuwa akiniita.

"Madam, waambie! Waambie, Madam!"

"Unamwita Madam?" mtu alifoka. "Ulipokuwa unawalisha nguruwe sumu ulimwita nani?"

"Waambie!"

Nilisimama karibu kiasi cha damu kunirukia kwenye sketi. Kinywa changu kilikuwa wazi. Mawazo yangu yalikuwa safi, yamepangika, kama ninaandika ubaoni: ukisema sasa, watakugeukia wewe. Nikafumba kinywa.

Aliyewasimamisha hakuwa mtu. Banda lilikuwa wazi, na Mkwe akatoka mbio, damu ya Maduhu usoni, akapita katikati ya watu kama jiwe. Wakatawanyika wakipiga kelele, wengine wakapanda uzio. Katika vurugu ile mwenyekiti wa mtaa akafika kwa pikipiki, akajitupa juu ya mwili wa Maduhu akisema, "Nipigeni mimi kwanza! Nipigeni mimi!" Walimpakia kwenye bajaji akiwa haonyeshi dalili ya uhai.

Hakufa. Mungu aliwanyima maadui zake nafasi hiyo, na mimi nikiwa wa kwanza wao.

Bwana mifugo alifika, akachukua damu, na majibu yalipotoka yalikuwa yale yale aliyoyahofia: homa ya nguruwe. Kata ikafungwa, hakuna nguruwe kutoka wala kuingia, na ikaamriwa waliobaki wote wauawe na kufukiwa. Nilidhani, kwa ujinga wa matumaini, kwamba sasa Maduhu atakuwa huru. Loo! Sumu ilifutwa, mshtakiwa akabaki. "Kumbe ndiye aliyeutembeza ugonjwa boma kwa boma kwenye magunia yake," wakasema, na wote wakaona inaingia akilini.

Shimo lilichimbwa nyuma ya kiwanja changu, refu kuliko mtu. Waliwaleta nguruwe waliobaki wakiwa wamefungwa miguu, wakiwapiga kisogoni kwa kichwa cha shoka na kuwasukumia ndani, chokaa juu yao. Baadhi walikuwa bado wanalia chini ya wenzao. Mkwe alikuja mwenyewe nilipomwita. Alidhani nina pumba. Nkwabi alimpiga, na pigo halikumaliza. Akapiga tena, na tena, dume limepiga magoti, linanitazama. Lilipoanguka, miguu ya nyuma ikaachana, na wote waliokuwa pale kwa mara ya kwanza wakaona kilichokuwa kikivikwa utani.

Bwana mifugo aliinama akatazama, kisha akainuka.

"Ulimtenga kama nilivyokuambia?"

"Ndiyo," nikasema.

Huo sasa ulikuwa uongo kamili, na ajabu yake, ulinitoka kwa urahisi zaidi kuliko zile kweli zangu.

Aliyenivunja ni Mama Sayi. Alikuja kunifariji! Alileta sato wawili wa kukaanga kwenye karatasi, akaketi nami barazani.

"Pole, mwenzangu. Tumefiwa na mkwe mmoja." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Lakini usijali. Maduhu akitoka hospitali hatakuta nyumba. Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Vijana wamesema mkewe na mama yake waondoke, wasipoondoka wataunguzwa humo humo ndani. Na mimi nitapeleka mafuta ya taa."

Nilimtazama mwanamke huyu mwema, anayelisha wasafiri kwa mkopo, anayewalilia nguruwe wake kwa majina, na nikaona nilivyomfanya. Samaki wake sikuwala.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Maduhu alikuwapo, mkewe alikuwa amemtoa hospitali mapema ili wasiamue bila yeye. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, taya limefungwa, uso umebadilika kiasi kwamba mama mmoja aliuliza, "Huyu ni nani?" Mwenyekiti alipoomba mwenye la kusema, nikasimama.

"Dume langu lilikuwa gonjwa," nikasema. "Niliambiwa nimtenge. Sikumtenga. Nilijua, nikawapandishia majike yenu mkiwa mmegeuka. Maduhu aliona, akanitaka niseme, nikakataa. Alikuja bandani ili mwone, siyo kuharibu. Mlipofika nilijua yote, na nikanyamaza."

Mtu mmoja akatema mate. Nkwabi alitazama mikono yake, akaishika miwili kwa pamoja kama mtu anayesikia baridi, akatoka nje ya umati. Sikumwona tena siku ile.

Mama Sayi alinijia. Alinizaba kofi, nikaona giza. Akanizaba la pili.

"Nilikupa mgongo wangu!" alilia. "Mgongo wangu, wewe mwanamke! Ukaniacha nimpige kijana wa watu na mchi! Mikono hii nitaiosha na nini?"

Walinivuta kanga, walinipiga mateke mawili matatu, jiwe likanipasua juu ya jicho. Mwenyekiti akawazuia, na nakiri kwamba sehemu fulani ya nafsi yangu ilitaka asiwazuie. Kupigwa ni rahisi, ndugu yangu. Unapigwa, unaumia, unajiona umelipa.

Walipotulia, mwenyekiti akamgeukia Maduhu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeumizwa. Unataka afanywe nini?"

Maduhu alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, paji la uso limekunjamana. Alisema kwa shida kupitia taya lililofungwa, na mkewe akarudia maneno yake kwa sauti ili tusikie.

"Anasema aseme tena. Aje upande huu. Ule mwingine hausikii."

Hakuwa amesikia! Mimi nimejiumba upya mbele ya umati, nimepigwa, nimetoa damu, na mtu pekee niliyekuwa na deni naye alikuwa ameona midomo tu ikicheza. Nilikwenda. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaweka kinywa changu karibu na sikio lake la kulia, nikaanza tena tangu mwanzo, safari hii bila sauti ya mkutano. Dume langu lilikuwa gonjwa. Nilijua. Nilipomaliza aliitikia kidogo kwa kichwa, kuonyesha kwamba maneno yamefika. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba.

Nyumba yake haikuchomwa. Nilipelekwa polisi nikaandika maelezo, na waliompiga nao waliitwa. Mambo hayo yanaendelea. Banda langu ni tupu. Mama Sayi hupita njia nyingine kwenda Nyegezi. Maduhu amerudi kuuza pumba, sasa kwa wafuga kuku, kwa mkono mmoja, na watu humwita kwa upande wa kulia.

Wewe unayefuga, nakuonya kwa machozi. Ukiona dume lako ana homa na korodani zimebadilika umbo au rangi, mtenge, mwite mtaalamu, na hata akiamka akala, usimwachie jike. Ukileta jike kwa dume la mwenzako, tazama. Heshima na utani visikugeuze kisogo. Na wewe uliyesoma, ambaye watu wakikwama wanakugeukia, usinifuate mimi katika kuchagua maneno yasiyo ya uongo ili kuukwepa ukweli. Likikupata kama lililonipata, sema. Sema siku hiyo hiyo, wakati mwenzako bado ana masikio mawili ya kukusikia.